Begi la dada na namba kumi na sita

Lilikuwa begi la shangazi kaja, la miraba ya bluu na nyekundu, zipu imeng'oka na mdomo wake umefungwa kwa kipande cha kanga. Lilimwagwa barazani saa mbili asubuhi mbele ya watu wanne: mama mwenye nyumba, mumewe, mlinzi wa geti, na mimi jirani niliyeitwa kwa sababu eti nayajua mambo ya benki. Vikatoka vitenge viwili, sweta, kopo la mafuta ya nazi lililobaki robo, kandambili mpya ambazo hazijavaliwa, na daftari la shule. Fedha taslimu ilikuwa shilingi 4,500, imefungwa kwenye pindo la leso. Mwenye begi, dada wa kazi wa nyumba ile, alisimama pembeni, mikono nyuma, akitazama nguo zake za ndani zikipita mikononi mwa mlinzi.

Kilichokuwa kinatafutwa hakikai kwenye begi. Usiku wa kuamkia siku hiyo, saa tisa na dakika kumi na kitu, simu ya mama mwenye nyumba ilipokea meseji nne za benki mfululizo: dola 1, dola 180, dola 180 tena, halafu dola 95. Zaidi ya shilingi milioni moja ziliondoka kwa muda wa mtu kugeuka kitandani. Kadi yenyewe ilikuwepo, ndani ya pochi, pochi ndani ya kabati. Kulipokucha wakaulizana ni nani huingia chumba kile kufagia na kutandika. Jibu lilikuwa moja, na wakati huo lilikuwa jikoni linakoroga uji.

Baba mwenye nyumba akataja Halbadiri. Kwa wasiokulia pwani, hiyo ni dua ya kusoma majina ya waliopigana vita vya Badri, na watu huamini kuwa ikisomwa mwizi hudhurika popote alipo. Mara nyingi kuitaja tu kunamtoa mtu kijasho. Yule binti alijibu taratibu, "Isomeni tu, baba." Likahesabiwa jibu la kijeuri.

Siku ile nilisema machache mno, na nayajutia niliyoyabakiza. Nayaandika sasa.

Tuanze na ile dola moja, maana ndiyo iliyokuwa na habari kuliko begi zima. Anayeiba namba za kadi hajui kama kadi bado inafanya kazi, kama ina salio, au kama benki imeshaifunga. Kwa hiyo huonja kwanza. Anafanya malipo madogo yasiyoshtua mtu, kama mpishi anayedondosha mchuzi kiganjani, na ikikubali ndipo anapakua. Dola 1 ikifuatwa na 180 mara mbili ni mwendo wa mtu ambaye hajawahi kuiona pochi ile, wala hajui mwenye kadi anaitwa nani, wala kama yuko Tabata au Tunisia. Mtu wa ndani haonji. Mtu wa ndani anajua mshahara umeingia tarehe ngapi.

Halafu kuna kadi yenyewe. Duka la mtandaoni halihitaji plastiki, linahitaji maneno matatu ya siri ambayo kusema kweli si siri: namba 16 za usoni, mwezi na mwaka wa mwisho wa matumizi, na tarakimu 3 za mgongoni. Zile 16 nazo hazitoki hewani. Za mwanzo, 6 au 8, ni utambulisho wa benki iliyotoa kadi, na kila mteja wa kadi ya aina hiyo anazo zilezile. Ya mwisho hukokotolewa kutokana na zilizotangulia, kwa kanuni ambayo Hans Peter Luhn, mhandisi wa kampuni ya IBM, alipewa hataza yake Marekani mwaka 1960. Kompyuta inaweza kuzalisha namba zenye sura ya kadi halali kwa maelfu bila kumwibia mtu yeyote. Zinazobaki kukisiwa ni tarehe, ambayo kwa kadi ya miaka 5 haizidi miezi 60, na zile tarakimu 3, ambazo haziwezi kuzidi michanganyiko 1,000.

Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, walionyesha jinsi hesabu hiyo inavyoumana. Tovuti moja inaweza kumzuia mtu baada ya kukosea mara kumi au ishirini, lakini tovuti ziko nyingi, na ukigawa makisio yako kwenye tovuti mamia kwa wakati mmoja hakuna hata moja inayokushtukia. Walisema vipande vyote vya kadi ya Visa vingeweza kupatikana kwa muda mfupi kama sekunde 6. Mtandao wa Mastercard, waligundua, uliyaona majaribio hayo na kuyakata mapema. Chukua sekunde hizo 6 uzipeleke kwenye baraza ile ya Tabata, uone begi linatafutwa nini.

Na kukisia ni njia ya mwenye shida. Anayetaka wingi huenda zilikolundikwa. Mwishoni mwa mwaka 2013, maduka ya Target ya Marekani yaliibiwa taarifa za kadi zipatazo milioni 40, na wezi waliingilia kwa nywila za kampuni ndogo ya mafundi wa majokofu na viyoyozi iliyokuwa ikiwahudumia. (Naam, fundi. Ila fundi mwenyewe aliibiwa kwanza.) Mwaka 2018 ilikuwa zamu ya shirika la ndege la British Airways: wadukuzi walipenyeza mistari michache ya programu kwenye ukurasa wa malipo, ikawa inanakili kila mteja anachoandika, pamoja na zile tarakimu 3 za mgongoni. Mamia ya maelfu ya watu walikumbwa, na mwaka 2020 mamlaka ya ulinzi wa taarifa ya Uingereza ikalitoza shirika hilo faini ya pauni milioni 20. Fikiria walionunua tiketi siku hizo, wametawanyika nchi ngapi, na ngapi kati ya nyumba zao zina mtu wa kufagia. Jirani yangu naye alikuwa amenunua viatu vya watoto kwenye tovuti ya nje miezi michache nyuma, akawa amesahau. Alikumbuka baadaye, nilipomuuliza mara ya tatu.

Utasema: mtu anayefagia chumba anaweza kuipiga kadi picha pande mbili na kuirudisha. Anaweza. Lakini baada ya picha anahitaji simu inayopiga picha, na ya binti yule ilikuwa kitochi. Anahitaji tovuti isiyotuma namba ya uthibitisho kwenye simu ya mwenye kadi, anahitaji kitu cha kununua kwa dola, na anwani ya kukipokelea, au awe na mtu wa kumuuzia picha hiyo. Mnyororo huo upo duniani na kuna wahudumu wa hoteli na wauza mafuta waliofungwa kwa sababu yake. Nasema tu kwamba ni mrefu, na anayemtuhumu mtu ana deni la kuonyesha pete zake, moja baada ya nyingine. Kwenye baraza ile hakuna aliyeonyesha hata pete moja. Kilichoonyeshwa ni ufagio.

Hapa ndipo penye hoja yangu. Fedha inapopotea kwa njia isiyoeleweka, kinachotafutwa kwanza ni mtu wa kubeba hasara. Mwizi hutafutwa baadaye, kama nguvu zimebaki. Na hasara huteremka. Benki humteremshia mteja, mteja humteremshia aliye chini yake, na chini ya dada wa kazi hakuna ngazi nyingine.

Nimeiona ngazi ya juu ikifanya kazi. Jirani alipofika kwenye tawi la benki yake, kijana wa kaunta alimsikiliza kwa upole, akatazama kompyuta, kisha akauliza, "Mama, nyumbani unaishi na nani?" Ni swali la kawaida, huenda liko kwenye fomu. Lakini lilifanya kazi kubwa kuliko alivyodhani. Lilimtoa mama yule kwenye swali la namna gani mfumo wa benki ulikubali malipo manne ya dola usiku wa manane kwa mteja ambaye maisha yake yote amelipa kwa shilingi, likampeleka moja kwa moja jikoni kwake. Alirudi nyumbani na uhakika ambao hakuwa nao alipotoka.

Swali hilo lina historia ndefu. Miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990, mashine za kutolea fedha zilipokuwa ngeni, benki za Uingereza ziliwaambia wateja waliolalamika kwamba mfumo haukosei, kwa hiyo ama mteja anadanganya, ama mkewe au mwanawe ameazima kadi. Ross Anderson, mtaalamu wa usalama wa kompyuta wa Cambridge aliyefariki mwaka 2024, alitumia miaka mingi kuonyesha kwamba mifumo hiyo ilikuwa na matundu ya aibu, mengi yakiwa ndani ya benki zenyewe. Kuna askari polisi mmoja wa Cambridgeshire ambaye mwaka 1992 alirudi kutoka likizo Ugiriki akakuta pauni 460 zimetolewa kwenye akaunti yake. Alipolalamika, alishitakiwa yeye kwa kujaribu kujipatia fedha kwa udanganyifu, na mwaka 1994 akatiwa hatiani. Rufaa yake ilishinda mwaka 1996, baada ya taasisi iliyomlalamikia kukataa kuufungua mfumo wake ukaguliwe na mtaalamu wa upande wa utetezi. Askari polisi, Mwingereza, nchini kwake, ilimchukua miaka minne kuaminiwa dhidi ya mashine. Binti wa miaka kumi na tisa kutoka Singida alipewa dakika kumi.

Marekani mambo yalikwenda tofauti mapema. Mwaka 1980 mjini New York, mama mmoja aliishitaki Citibank kwa dola 800 alizosema hakuzitoa. Benki ilileta karatasi za kompyuta. Yeye alileta barua ya mwajiri wake ikisema kwamba saa hizo alikuwa kazini. Jaji alimwamini yeye. Tangu mwaka 1978 Bunge lao lilikuwa tayari limepitisha sheria inayopunguza kiasi anachoweza kubebeshwa mteja, na benki ambazo sasa hasara ilibaki mikononi mwao zikapata sababu nzuri ya kutafuta matundu. Naamini, na hili ni la kwangu, kwamba nyumba ambayo benki itaulipia wizi haina haraka ya kumwaga begi la mtu.

Sasa niseme upande wa pili, maana sitaki kuandika kama mtu ambaye hajawahi kuibiwa na mtu wa nyumbani. Wapo wanaoiba. Wapo pia watu wa nyumbani ambao si dada: shemeji aliyekuja "wiki mbili" akamaliza mwaka, mtoto wa marehemu kaka, kijana wetu wenyewe anayenunua almasi za mchezo kwenye simu ya mama yake. Wizi wa ndani una alama zake, na alama hizo husomeka. Fedha hutoka kwa shilingi, kwenye mashine ya karibu au kwa wakala wa mtaani, mchana au jioni, kwa namba ya siri iliyoingizwa sawasawa mara ya kwanza. Kiasi huwa cha duara. Mara nyingi hutokea siku ambayo mwenye simu alikuwa amelala, anaumwa, au amekwenda msibani. Na karibu kila mara namba ya siri ilikuwa imeshatolewa na mwenyewe, kwa mdomo wake: "Nenda kanitolee elfu hamsini kwa wakala, namba ni mwaka wa kuzaliwa mtoto." Tunamkabidhi mtu funguo asubuhi kwa sababu tumechoka kutembea, jioni tunashangaa kwamba anaijua njia.

Hata hapo, simu ina wezi wake wasiokanyaga mlangoni. Laini ikihamishiwa kadi nyingine ya simu, aliyehamisha anapokea meseji zote za benki, na mwenye laini anabaki na simu isiyo na mtandao akidhani mnara umeharibika. Nchini Kenya jina la Mulot, kule mpakani mwa Bomet na Narok, limekuwa kama tusi kwa sababu ya utapeli huo. Kwetu Tanzania, ripoti za kila robo mwaka za TCRA, mamlaka ya mawasiliano, zimewahi kuitaja mikoa ya Rukwa na Morogoro kuwa juu kwa majaribio ya ulaghai wa simu, na tumeanza kumtania kila Mluguru na kila Mfipa, ambapo tena tunamhukumu mtu kwa alikotoka. Ni tabia ileile, imebadilisha baraza tu. Meseji ya "ile hela itume kwenye namba hii" hutumwa kwa watu elfu ili mmoja aliyekuwa kweli anataka kutuma kodi aingie mtegoni, na mahali pa kuipeleka ni namba 15040, ambayo ni bure na ambayo watu wengi ninaowauliza hawaijui.

Mfululizo wa kuwatuhumu watu ndani ya nyumba, nimeanza kuuchunguza, haufuati nafasi ya mtu kufanya kosa. Unafuata mshahara, kutoka chini kwenda juu. Anaanza dada, anafuata kijana wa bustani, kisha mlinzi, kisha ndugu wa upande wa mume au wa mke kutegemea nani anaongea, na mtoto wa kuzaa huwa wa mwisho, akifika. Kama ungekuwa uchunguzi wa kweli ungeanza na karatasi ya miamala.

Karatasi hiyo ni haki ya mteja, na ikiombwa kwa kina inaweza kueleza mambo ambayo meseji haielezi: jina la mfanyabiashara aliyepokea fedha, nchi, saa kamili, na kama kadi ilichomekwa, iligusishwa, au ziliandikwa namba tu. Hilo la mwisho peke yake linatosha kumtoa nusu ya watuhumiwa barazani. Malipo ya mtandaoni asiyoyatambua mteja yanapingwa kwa fomu ya madai, na kwa kawaida kanuni za mitandao ya kadi hutoa hadi siku 120, ingawa kuchelewa hata wiki moja kunampa afisa wa benki la kusema. Kadi hufungwa saa hiyohiyo, malipo ya nje huzimwa mpaka yahitajike, na polisi huendewa kupata RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa, kwa sababu benki itaiuliza. Hakuna hatua kati ya hizo inayohitaji kandambili za mtu.

Na kama baada ya karatasi hiyo mashaka bado yako jikoni, kuna sheria. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hakimruhusu mwajiri kukata mshahara kufidia hasara hivi hivi. Hasara iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi, mwajiri aandike chanzo chake na hesabu yake, mfanyakazi apewe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara. Amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023 iliweka kima cha chini cha shilingi 60,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi anayelala kwa mwajiri wake. Robo yake ni 15,000. Milioni moja kwa mwendo huo ni zaidi ya miaka mitano, kwa kosa ambalo lingekuwa limethibitishwa. Aliyeachishwa ana siku 30 za kupeleka lalamiko lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na chama cha CHODAWU kimekuwa kikiwasindikiza wafanyakazi wa majumbani huko kwa miaka mingi. Lakini sehemu ya sheria inayomlinda mtu dhidi ya kuachishwa isivyo haki haimgusi aliyefanya kazi chini ya miezi 6, na wengi hufukuzwa kabla hawajaimaliza. Binti yule alikuwa ameipita. Hakuna aliyemwambia, nami nikiwemo. Alipanda daladala ya saa nne na begi lake.

Majibu ya benki yalikuja baada ya wiki kadhaa. Malipo yote manne yalikuwa ya mtandaoni, kwa mfanyabiashara wa ng'ambo, kadi haikuchomekwa popote, na uthibitisho wa simu haukuombwa. Fedha zilirudishwa, isipokuwa ile dola moja ambayo hakuna aliyekumbuka kuidai. Mama mwenye nyumba alinijia jioni na lile daftari la shule, lililosahaulika chini ya benchi siku ya upekuzi. Ndani mlikuwa na mistari saba, kila mmoja na jina la mwezi, na mbele yake 70,000, na neno "kwa mama". Ndiyo miezi ambayo alimwachia mwajiri wake amtunzie mshahara mpaka aende kwao. Jumla ilikuwa imeandikwa chini kwa penseli: 490,000.

Namba yake ya simu tuliipata kwa mlinzi. Mama akaiandika, akaandika kiasi, na kabla ya namba ya siri simu ikamletea jina la mpokeaji alithibitishe, majina matatu, kamili. Akalisoma mara mbili. Binti alikaa naye mwaka na miezi, na nyumba nzima ilimwita dada.

"Hivi ndiye huyu?" akaniuliza, kidole juu ya kioo.

Mimi pia sikuwa najua.